Mlango Nilioutia Kinyume: Namna ya Kupima Njia za Kutokea Katika Ukumbi wa Jumba la Ghorofa

Mlango ule niliutia mimi. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani nimekaa hapa kuwasema mafundi wenzangu. Mbao za mvule, mabao mawili, bawaba za shaba nane, unafunguka kwa ndani kama nilivyofundishwa na marehemu baba yangu kule Wete: mlango mzuri humkaribisha mgeni, haumsukumi.

Ukumbi wenyewe uko chini ya jumba moja la ghorofa nne hapa Unguja. Wakaazi wanautumia kwa kila kitu: khitma, maulidi, mikutano ya kamati, madrasa ya watoto jioni, na kesha za arusi. Usiku mmoja wa kesha, mke wangu akiwa ndani pamoja na wanawake wenziwe mia na ushei, waya wa ekstensheni uliounganishwa na spika ukaanza kuungua. Moto wenyewe haukuwa mkubwa kuliko kiganja, lakini moshi wa plastiki ulikuwa mweusi na mchungu, umeme ukakatika, na mtu akapiga ukelele. Wote wakaenda mlango ule ule walioingilia. Waliotangulia wanataka kuuvuta ufunguke, walio nyuma wanawasukuma juu yake. Mlango wa pili upo, unatokea uani, lakini ulikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao Bi Mwenyekiti, naye yuko ghorofa ya tatu anasali Isha.

Aliyewaokoa ni mpishi mmoja mwenye sauti ya kuita jahazi. Aliwaamrisha walio nyuma warudi hatua tatu, na wakarudi. Bao moja likafunguka, wakatoka. Bibi mmoja aliteguka kifundo cha mkono, wawili walizimia kwa moshi kisha wakazindukana. Hatukuzika mtu, alhamdulillahi.

Asubuhi niliitwa kuja kukaza bawaba iliyolegea. Nikasimama mbele ya kazi yangu mwenyewe, nikaona aibu. Tangu siku hiyo nimeulizia, nimesoma, nimesumbua wahandisi na maofisa wa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, na sasa kamati za majumba mengine huniita niende na futi yangu ya kukunja. Hivi ndivyo ninavyofanya. Vipimo nilivyovitumia vimetoka katika kanuni za ujenzi za Marekani na za Uingereza. Ukitaka kibali, neno la mwisho ni la Zimamoto na la ofisi inayotoa vibali vya ujenzi, si la seremala.

Kwanza hesabu watu, si milango

Kila kamati ninayoifikia hunianzia na milango: "Fundi, tunayo miwili, yatosha?" Huwajibu kwa swali: siku yenu ya shughuli kubwa, wanaingia wangapi?

Hawajui. Basi tunapima. Ukumbi ule wa kesha ni mita 8 kwa mita 12, yaani mita za mraba 96. Toa jukwaa la bibi arusi na meza ya chakula, tuseme mita 16, zinabaki 80. Kanuni za Marekani zinampa mtu wa kiti, vikiwa vimepangwa safu safu, mita ya mraba 0.65. Ukigawa 80 kwa 0.65 unapata watu 123. Ukiweka meza na viti, kila mtu anahesabiwa mita 1.4, nao wanashuka mpaka 57. Hapo ndipo kamati hufurahi na kutaka kuandika 57 ukutani. Ngoja kwanza. Sisi hatukai mezani. Tunatandika mikeka, tunakaa goti kwa goti, mtoto juu ya paja. Kwa mkeka mimi huhesabu nusu mita kwa mtu, na ukumbi ule unachukua 160. Hesabu ile shughuli inayojaza zaidi, kisha usiiache hesabu hiyo kwa sababu inakutia gharama.

Sasa ndiyo tunafika kwenye milango. Wamarekani wanasema chumba cha mkusanyiko wakizidi watu 49 lazima kiwe na njia mbili za kutokea. Waingereza wanavumilia mpaka 60. Wewe mwenye 160 huna haja ya kubishana nao, umeshawapita wote.

Chumba cha mazoezi chenye mashine nne, au kichumba cha kamati chenye meza moja, kwa kawaida mlango mmoja unatosha, mradi mtu aliye mbali kabisa asitembee zaidi ya mita 18 kuufikia. Vyumba hivyo sivyo vinavyoninyima usingizi.

Uzi wa kona kwa kona

Milango miwili iliyokaa bega kwa bega ni mlango mmoja. Moshi ukikaa mbele ya huu, umekaa mbele ya ule pia. Namna ya kujua kama imeachana vya kutosha ni nyepesi mno, na watoto wa madrasa hupenda kunisaidia. Chukua uzi wa mwashi, uvute kutoka kona moja ya ukumbi mpaka kona ya pili inayoielekea kwa mshazari. Ukumbi wa 8 kwa 12 utakupa mita 14.4. Ukunje uzi mara mbili, unabaki na mita 7.2. Sasa shika uzi huo uliokunjwa katikati ya mlango wa kwanza na uuvute kwenda mlango wa pili. Usipofika, yaani milango imeachana kuliko uzi, umefuzu. Ukifika na kubaki, basi mlango mmoja uhamishwe. Jengo lenye mabomba ya maji ya kujifungua yenyewe darini pakiwaka moto linaruhusiwa theluthi badala ya nusu, lakini mabomba hayo bado sijayaona katika ukumbi wowote wa wakaazi niliopita.

Halafu fuata kila mlango mpaka nje, kwa miguu yako. Namaanisha nje kabisa, penye anga. Jumba moja lilinionesha milango miwili iliyoachana vizuri sana, kila mmoja upande wake. Nikaupita wa kwanza, nikaingia korido. Nikaupita wa pili, nikaingia korido ile ile, na korido ina geti moja la nondo kwenye mguu wa ngazi. Huo ni mlango mmoja uliojifanya miwili. Na ua nao una mitego yake: kama ukuta wa ua umezunguka pande zote na geti lake limefungwa kwa kufuli, umewatoa watu kwenye moshi ukawaweka ndani ya kisanduku.

Lifti usiihesabu. Hata ikiwa mpya, hata mwenye jumba akikuapia.

Upana, hapa mafundi tunaibia

Mteja akisema "mlango wa futi tatu", mimi na wenzangu tunatengeneza fremu ya futi tatu nje kwa nje. Hiyo ni sentimita 91. Toa miimo ya fremu, inchi mbili huku na inchi mbili kule, umebaki na 81. Toa unene wa bao lenyewe likiwa limesimama wazi, na kikingio chake, umebaki kama 76. Mtu anapita kwenye hizo 76, si kwenye 91 za risiti. Kwa hiyo pima mlango ukiwa wazi, kutoka uso wa bao mpaka ukingo wa fremu wa upande wa pili.

Vipimo vya Uingereza vinasema milimita 750 kwa watu mpaka 60, milimita 850 mpaka 110, milimita 1050 mpaka 220. Na kuna jambo ambalo kamati nyingi hulikataa mwanzo: ukiwa na milango miwili, usigawe watu nusu kwa nusu. Chukulia moto umewaka mbele ya mlango ule mpana zaidi. Ule uliobaki lazima uwatoe wote. Ukumbi wetu wa watu 160 ulitaka milango miwili, kila mmoja sentimita 105 zilizo wazi. Mlango wa uani ulikuwa na 70. Tulivunja ukuta.

Milango yetu ya kizamani ina jambo lake pia. Ukiutazama mlango wa Mji Mkongwe, katikati pana mfaa, ule mti ulionakishiwa unaoziba mwanya wa mabao mawili. Mfaa umepigiliwa kwenye bao moja na unalilalia la pili. Kwa hiyo lile lenye mfaa haliwezi kurudi ndani mpaka mwenziwe atangulie. Na huyo mwenziwe ndiye tunayemfungua kila siku, la mfaa limetiwa komeo juu na chini, limekaa miaka. Ukiupima upana wa mlango kama huo, hesabu bao moja tu.

Kufunguka kwa nje

Hapa ndipo nilipokosea mimi, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

Wakizidi 49 kwa Wamarekani, wakizidi 60 kwa Waingereza, mlango ufunguke kuelekea upande watu wanakokimbilia. Sababu mmeshaiona kwenye kesha. Mfano mkubwa zaidi ni wa Boston, Marekani, usiku wa tarehe 28 Novemba 1942, ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove ulipoungua na kuua watu 492. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, ukakwama kwa miili. Milango mingine ilikuwa imefungwa, na mingine ilifunguka kwa ndani, watu wakajazana juu yake wasiweze kuivuta.

Wazee wetu hawakuwa wajinga walipoielekeza milango ndani. Uchochoro wa Mji Mkongwe ni mwembamba, ukifungua mlango kwa nje utampiga mpita njia au punda wake. Na bawaba zikiwa ndani mwizi hazifikii. Lakini wao walikuwa wanatia mlango wa nyumba ya watu kumi na wawili, si wa ukumbi wa mia na sitini.

Ukiugeuza, zingatia haya. Bawaba sasa ziko nje, na mwizi akizing'oa pini amelitoa bao zima. Mimi hutoboa ukingo wa bao upande wa bawaba na kutia vipande viwili vya nondo fupi, vinavyoingia kwenye matundu ya fremu mlango ukifungwa. Pini zikitolewa, bao bado limeshikwa. Pili, mbao hufura masika. Mlango unaofunguka kwa kidole Januari utataka bega Aprili, na bibi hana bega. Acha mwanya wa milimita nne, piga rangi hata ukingo wa chini ambao hauonekani, na weka kibaraza cha bati juu ili mvua isiupige. Tatu, usiutie mlango ukafungukia moja kwa moja juu ya kidato cha ngazi. Mtu anayekimbia gizani anatarajia sakafu. Mpe sakafu ya usawa angalau ya upana wa mlango wenyewe.

Kufuli

Nimewasikiliza wote wanaofunga. Watoto wanaingia kucheza. Spika ziliibiwa. Jenereta iliibiwa. Vijana wanakuja kula mirungi. Yote ni kweli, na mimi simkatazi mtu kuufunga mlango asiingie mwizi. Ninachotaka ni mlango unaomzuia aliye nje na kumwachia aliye ndani.

Kilicho bora ni kile kitasa chenye chuma kilicholala mbele ya mlango, usawa wa kiuno, ukikisukuma kwa tumbo mlango unafunguka. Kwa nje hakuna kitu isipokuwa tundu la ufunguo. Wamarekani wanakilazimisha kwa kumbi za watu 50 na zaidi zikiwa na kufuli au kitasa. Ukinunua, usichukue cha chuma cha kawaida. Nilitia kimoja katika jumba linaloelekea bahari, kaskazi ikavuma msimu mzima, na kabla ya masika springi ilikuwa imeota kutu, inasukumwa hairudi. Chukua cha chuma cha pua, kitie mafuta kila mwezi.

Kama fedha haijapatikana, tia kitasa ambacho kwa ndani kina kishikio cha kuzungusha, si tundu la ufunguo. Kiwe kimoja. Komeo la juu, komeo la chini, na pingo katikati ni mambo matatu ya kutafuta gizani huku unakohoa. Na ule ufunguo wa dharura unaowekwa ndani ya kisanduku cha kioo kwa kawaida haumo. Nimefungua visanduku vitatu mpaka leo. Kimoja kilikuwa na ufunguo, wa mlango mwengine.

Grili za madirisha ni habari nzito yake. Dirisha si njia ya kutokea na usilihesabu, lakini ukumbi wa chini wenye nondo kila dirisha umefuta hata bahati. Angalau moja litiwe grili yenye bawaba na komeo la ndani.

Viatu, sufuria, mtungi

Hakuna kanuni ya Marekani wala Uingereza iliyoandikwa na mtu aliyewahi kuhudhuria maulidi. Watu mia na sitini ni viatu mia tatu na ishirini, na vyote viko pale pale, kwenye kizingiti cha mlango. Usiku ule wa kesha walioanguka waliangukia viatu. Nimewatengenezea rafu ya kuegemezwa ukutani, mita nne mbali na mlango, na mtoto mmoja anapewa soda kusimamia.

Wapishi nao. Mtungi wa gesi na jiko la pilau huwekwa karibu na mlango wa uani kwa sababu pana upepo. Ukitokea mripuko, umepoteza mlango uliovunjia ukuta. Jiko likae uani, mbali na njia ya kutokea, na mpira wa gesi usikatize mlangoni. Chini ya ngazi pasiwe na pikipiki, magodoro, wala madumu ya petroli ya jenereta. Jenereta yenyewe isiwekwe koridoni hata mvua ikinyesha, moshi wake unaua bila ya harufu kubwa.

Mkiwa mnakumbuka kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu Unguja nzima bila ya umeme, mnajua sisi shughuli hatuzisimamishi kwa sababu ya giza. Kwa hiyo taa za betri zinazowaka zenyewe umeme ukikatika ni lazima: moja juu ya kila mlango, moja koridoni, moja kila kituo cha ngazi. Zidumu dakika 90. Kila mwezi zima swichi kuu uone ngapi zinawaka. Na kibao kiandikwe KUTOKA, kwa Kiswahili, herufi kubwa, kisizibwe na pazia la arusi. Mapambo yananishinda zaidi kuliko wezi. Mpambaji hukuta mlango "mbaya" nyuma ya jukwaa akaufunika kwa kitambaa cha dhahabu kutoka juu mpaka chini.

Paa, na Mji Mkongwe

Shughuli za juu ya paa zimekuwa nyingi siku hizi, na hesabu ni ile ile: wakizidi 49, ngazi mbili, zilizoachana kwa ule uzi. Ngazi iwe na upana wa sentimita 112. Ukuta wa pembeni uwe mita 1.1, mtoto asiweze kupanda juu yake. Paa lenye ngazi moja waite watu arubaini, uzuri wa bahari hautapungua.

Katika nyumba za Mji Mkongwe usivunje wala usigeuze mlango kabla ya kupata ruhusa ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mji huo uko katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na mlango wa nakshi ukishakatwa haurudi. Unachoweza kufanya bila ya kugusa patasi ni kupunguza watu, na kuyafungua mabao yote mawili kabla ya wageni kufika, yafungwe kwa kamba ukutani, na mtu mzima mmoja akae pale mpaka wa mwisho aondoke. Ngazi zao ni za mbao, zimesimama wima na nyembamba, na sakafu zinabebwa na boriti za mikoko. Watu themanini juu yake mimi nisingewaweka hata kwa fatiha.

Jaribio

Baada ya kumaliza kazi yote, waite watu kwa chai na mandazi, wakae kwenye mikeka kama kawaida, kisha zima taa bila ya kuwaambia saa ngapi. Hapa sheha akubaliane nanyi mapema, na wazee wajue. Sisi mara ya kwanza tulitoka themanini kwa dakika nne, kwa sababu wote waliukimbilia mlango walioingilia, wa uani wakausahau kabisa. Mara ya pili Bi Mwenyekiti aliwaingiza nusu yao kwa kupitia uani, na tukatoka kwa dakika moja na nusu. Tangu hapo kila shughuli wanaingizwa kwa milango yote miwili. Bibi aliyeteguka mkono huwekwa hatua tano kutoka mlango wa uani, na mjukuu wake ndiye mwenye kumshika, si "mtu yeyote".

Juzi Bi Mwenyekiti amenipigia simu. Kuna arusi Ijumaa, mpambaji anataka kuufunika mlango wa uani. Nikamwambia amwambie afunike, lakini kwanza ausukume kwa tumbo lake mara moja mbele ya wazazi wa bibi arusi, kitambaa kikiwa juu. Akanijibu, "Kakataa, fundi. Kasema ataupamba maua pembeni tu."